Mkutano wa Chuki Ukitangazwa Mtaani: Katiba Inalinda Nini na Mkaazi Afanye Nini

Gari lenye vipaza sauti limepita sokoni likitangaza mkutano wa hadhara Jumamosi, na anayeuitisha anajulikana kwa kuwaita majirani wa kabila jingine "wageni". Swali la kwanza la wakaazi wengi huelekezwa kwa serikali ya kaunti: mbona msiuzuie? Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na vijana: je, twende tukauvunje sisi wenyewe? Jibu la maswali yote mawili ni hapana, na ni vyema sababu zake zieleweke mapema, kabla ya kampeni za Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 kupamba moto.

Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Mwandalizi wa mkutano haombi kibali cha mtu. Anachotakiwa kufanya chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ni kumpa taarifa mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Taarifa hiyo hutaja jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, mahali au njia itakayotumika, na saa, ambayo ni lazima iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Wazee wanakumbuka enzi za leseni, ambapo afisa wa serikali angeweza kuukataa mkutano kwa sababu tu hampendi msemaji. Mfumo huo uliondolewa mwaka 1997, na hakuna sababu ya kuutamani tena. Leo OCS anaweza kukataa taarifa iwapo kuna mkutano mwingine uliokwisha kuarifiwa kwa siku, saa na mahali hapo hapo, na polisi wanaweza kuuzuia au kuusimamisha mkutano iwapo kuna hatari iliyo wazi na ya karibu ya amani kuvunjika.

Serikali ya kaunti haina mamlaka hayo. Usalama na polisi ni kazi za Serikali ya Kitaifa. Kaunti husimamia viwanja na kumbi zake, na masharti ya kuvitumia hayana budi kuwa yale yale kwa kila anayeomba.

Kuruhusiwa kukusanyika si kuruhusiwa kusema lolote. Kifungu cha 33 kinacholinda uhuru wa kujieleza ndicho hicho hicho kinachotaja yasiyolindwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na kueneza chuki ya kikabila au kuwakashifu watu kwa misingi ya ubaguzi, iwe ni kabila, dini, jinsia au ulemavu. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Kusema kwamba gavana ameshindwa na kazi, hata kwa lugha chafu, si matamshi ya chuki. Kupinga bajeti ya kaunti, kukejeli chama, kulalamika kwamba wadi fulani imesahaulika katika ujenzi wa barabara, yote hayo yanalindwa, na kiongozi anayekimbilia neno "uchochezi" kila anapokosolewa analichosha neno lenyewe. Mpaka huvukwa pale kundi la watu linapolengwa kwa jinsi lilivyozaliwa au linavyoabudu, na wasikilizaji wanapoelekezwa kulichukia au kulidhuru.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaeleza kosa hilo katika kifungu cha 13. Si maneno ya jukwaani pekee yanayohusika. Wimbo, mchezo wa kuigiza, video na vile vikaratasi vinavyotupwa milangoni usiku vinaingia pia, na anayesambaza hana tofauti na aliyetunga. Tena si lazima ithibitishwe kwamba msemaji alikusudia kuchochea. Inatosha kwamba, kwa kuangalia mazingira yote, chuki ya kikabila ilikuwa na uwezekano wa kuchochewa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Tafsiri ya chuki ya kikabila katika sheria hiyo inataja rangi, asili, uraia na kabila. Dini haimo. Anayekusudia kuumiza hisia za kidini za wengine hushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138.

Mazingira yana uzito wake kwa sababu Wakenya huzungumza kwa mafumbo. Neno "madoadoa" kwa mshonaji ni nguo yenye alama. Katika Bonde la Ufa ni neno lililosikika kabla ya watu kufukuzwa mashambani mwao, ndiyo maana seneta aliyelitamka kwenye mkutano mjini Eldoret mwezi Januari 2022 alikamatwa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walihama makwao. Siku ya Mwaka Mpya wa 2008, wanawake na watoto waliokuwa wamejificha katika kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret waliteketezwa humo. Sheria ya mwaka 2008, pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, ni matunda ya maafikiano yaliyomaliza ghasia hizo.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokamilisha kazi yao mjini Rabat, Morocco, mwaka 2012 walipendekeza maswali ambayo hata mkaazi wa kawaida anaweza kujiuliza akiwa uwanjani. Hali ya eneo ikoje kwa sasa, shwari au tayari kuna uhasama? Msemaji ni nani, na ana ushawishi gani kwa wanaomsikiliza? Anakusudia nini? Amesema nini hasa, na kwa mtindo gani? Maneno yamewafikia watu wangapi? Na kuna uwezekano gani wa madhara kutokea, tena karibuni? Mlevi anayetukana kabila fulani kilabuni ni kero. Maneno yale yale yakitamkwa na mtu mwenye wafuasi, siku mbili baada ya mifugo kuibwa, ni jambo jingine kabisa. Rwanda ilionyesha mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio ya RTLM na mhariri wa gazeti la Kangura kwa sehemu yao katika mauaji ya kimbari ya 1994.

Kwa nini basi vijana wasiuvunje mkutano kama huo? Kwanza, kurusha mawe ni kosa la jinai hata kama aliye jukwaani ni mchochezi. Pili, jiwe la kwanza linampa msemaji alichokuja kutafuta. Jioni hiyo habari haitakuwa aliyoyasema, bali kwamba alishambuliwa, na jamii aliyoitukana ndiyo itakayolaumiwa. Wanaotaka kumjibu wanayo haki ile ile ya Kifungu cha 37: watoe taarifa kwa OCS na wafanye mkutano wao, mahali pengine au saa nyingine.

Katika mji mdogo wa Wunsiedel, kusini mwa Ujerumani, wafuasi wa siasa za Hitler walikuwa wakiandamana kila mwaka na kuwachosha wenyeji. Novemba 2014 wenyeji walibadili mbinu. Kwa kila mita ambayo waandamanaji wangetembea, wakaazi na wafanyabiashara waliahidi kuchanga euro 10 kwa shirika linalowasaidia watu kujitoa katika makundi hayo hayo. Waandamanaji walikaribishwa kwa mabango ya kuwashukuru kwa mchango wao. Walipofika mwisho wa safari, euro 10,000 zilikuwa zimepatikana, na hakuna aliyerusha jiwe.

Hapa kwetu kazi kubwa hufanywa kabla ya Jumamosi kufika. Anayejua kwamba mkutano unaandaliwa na kwamba kuna vitisho anaweza kumpelekea OCS, chifu au kamati ya amani habari kamili: nani anaandaa, wapi, nini kimesemwa tayari na lini. Habari hizo ndizo zinazowawezesha polisi kumwonya mwandalizi na kuweka maafisa wa kutosha. Wazee na viongozi wa dini wa jamii zote wakionekana pamoja hadharani siku mbili kabla ya mkutano, uwanja huwa mtupu kuliko ukifungwa kwa nguvu. Na jirani anayelengwa atembelewe nyumbani kwake. Mtu anayejua nani atamfungulia mlango usiku hahami ovyo, na uvumi haumkimbizi.

Baada ya mkutano, tatizo huwa ushahidi. Kesi za matamshi ya chuki zimeanguka mahakamani kwa sababu rekodi haikuaminika au shahidi hakutokea. Aliyerekodi aihifadhi video nzima kwenye simu ile ile iliyoinasa, bila kuikata wala kuiongezea maandishi, na aandike saa, mahali na jina la aliyezungumza. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyopatikana, kwa hiyo mwenye simu huenda akatakiwa kutia sahihi na kufika kortini. Maneno yakiwa ya lugha ya mama, aliyeyasikia na kuyaelewa ni shahidi muhimu kuliko anayetegemea tafsiri. Asiitume video hiyo kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kulaani. Aipeleke kituo cha polisi au kwa NCIC, aandikishe taarifa, na asiondoke kituoni bila nambari ya OB. Polisi wakikataa kuipokea, malalamiko hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Iwapo ghasia zimeanza, nambari za dharura ni 999, 911 au 112.