Meno Hayakuwa na Kosa

Shangazi yangu wa Msimbati, kule karibu na mlango wa Mto Ruvuma, aling'olewa meno matatu na maumivu yakabaki palepale. Kusi likimpiga shavuni, au akitafuna kipande cha muhogo, hushtuka kama aliyeshika umeme. Sekunde chache, kisha kimya. Majirani walikwisha kusema ni jini.

Kumbe ni mshipa wa fahamu wa tano, unaopeleka hisia za uso kwenye ubongo. Mara nyingi mshipa wa damu huulalia na kuugonga kila moyo unapopiga, hata utando wake ukachubuka kama waya uliovuliwa mpira.

Kisu si dawa ya kwanza. Huanzwa vidonge vya kabamazepini, vilevile wapewavyo wenye kifafa, na wengi hupata nafuu. Vikishindwa, daktari bingwa hutoboa fuvu nyuma ya sikio, akauinua mshipa wa damu na kuweka kipande kidogo cha tefloni katikati. Njia hiyo aliieneza Peter Jannetta wa Marekani tangu miaka ya 1960. Wengine huuchoma mshipa kwa sindano ya joto. Ni nafuu kwa mzee, ila shavu huweza kufa ganzi na maumivu kurudi.

Upasuaji wa ubongo uko MOI, Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Kwa hiyo, aliyeng'olewa jino moja bila nafuu asitoe la pili kabla ya kumwuliza daktari wa Ligula habari za mshipa huu.

Shangazi alitulizwa na vidonge. Muhogo anakula, lakini wa kuponda.