Ngumbaru Gerezani: Nani Agharimie Somo la Lodwar?

Sisi wanafunzi wa fasihi aghalabu huijua jela kupitia kalamu za wafungwa. Tungo za Sauti ya Dhiki, diwani iliyochapishwa mwaka 1973, ziliandikwa na Abdilatif Abdalla alipokuwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972. Hata hivyo, mshairi huyo alikuwa mjuzi wa kusoma na kuandika kabla ya kufungwa. Makala haya yanamhusu mfungwa wa namna nyingine, yule aingiaye gerezani asijue herufi hata moja. Yanakusudia kueleza ni nani apaswaye kugharimia elimu yake, hususan katika Kaunti ya Turkana.

Kisheria, haki yenyewe haina utata. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya elimu, na Ibara ya 51 inamhifadhia mfungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana kabisa na kifungo. Aidha, Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinaagiza katika Kanuni ya 104 kwamba elimu ya wafungwa wasiojua kusoma iwe ya lazima. Zinaongeza kwamba elimu hiyo iambatane na mfumo wa elimu wa nchi, ili mfungwa aiendeleze bila taabu baada ya kuachiliwa.

Tatizo liko katika mfuko. Magereza ni jukumu la serikali kuu. Elimu ya watu wazima, ambayo Wakenya huiita ngumbaru, ina idara yake tangu mwaka 1979, nayo iko chini ya wizara nyingine. Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, imekabidhiwa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Hivyo basi, darasa la gerezani huangukia katikati: mlinzi ni wa wizara moja, mwalimu ni wa wizara ya pili, na chuo ambacho mfungwa angejiunga nacho akitoka ni cha kaunti. Palipo na wenyewe wengi, ni rahisi kila mmoja kudhani kwamba mwenziwe ndiye atakayenunua vitabu.

Katika gereza la Lodwar gharama hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu ya lugha. Takwimu zilizotokana na sensa ya mwaka 2009 zilionyesha kwamba takribani asilimia 82 ya wakazi wa Turkana hawakuwa na elimu rasmi. Kwa mzungumzaji wa Kiturkana ambaye hajapita shuleni, somo la kusoma Kiswahili ni masomo mawili kwa pamoja: kujifunza herufi na kujifunza lugha.

Hali kadhalika, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar iko Kakuma, yenye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Elimu ya kambini hutegemea sana fedha za wafadhili wa kimataifa, ila mkimbizi akifungwa huwa chini ya dhamana ya dola. Mkongomani aweza kuja na Kiswahili chake bila herufi, na Msudani Kusini akaja na Kiarabu. Mwalimu mmoja mwenye kitabu kimoja hawezi kuwatosheleza wote.

Ibara ya 50 ya Katiba inamtaka mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Kwa hiyo dola imekwisha kukiri kwamba lugha ni sehemu ya haki, na kwamba inastahili kulipiwa. Lakini mkalimani huishia mlangoni mwa mahakama. Baada ya hukumu, mfungwa huhitaji msomaji wa rufani yake na mwandishi wa barua yake ya nyumbani, na siri zake hupita mikononi mwa wengine.

Inapendekezwa, basi, kwamba bajeti ya magereza iwe na fungu mahsusi la ngumbaru, litakalokadiriwa kwa kuzingatia lugha za wafungwa wa kila gereza. Fungu hilo lilipie walimu wanaojua Kiturkana, pamoja na vitabu vya kuanzia lugha hiyo na kuvukia Kiswahili. Vitabu vya namna hiyo haviandikwi na askari jela. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa lugha, nasi tunaosomea Kiswahili tumo katika hesabu hiyo.