Lapi Mpya Imedinda Kushika WiFi Kwa Linux? Usikimbilie Fundi

Wasee wa Meru na Embu, hii ngori naijua. Nikiwa bado kampo (siku hizi sipo, hiyo ni stori ingine), nilijinyima nikabuy lapi mpya, nikaweka Linux. Skrini safi, sauti fiti, WiFi hakuna. Fundi mmoja hapo Makutano akasema kadi imekufa, nitoe thao 3. Kadi ilikuwa nzima kabisa.

Shida ilikuwa kaneli, ule moyo wa Linux. Draiva nyingi hukaa ndani yake. Ubuntu 24.04, kwa mfano, ilitoka Aprili 2024 na kaneli 6.8. Chipu ya WiFi ikiingia soko baadaye, hiyo kaneli inaweza kuwa haiijui.

Sasa utadownload aje draiva bila neti? Simu yako! Ichomeke kwa lapi na kebo ya USB, ingia setingi ushare neti kupitia USB, si hotspoti. Lapi itaiona kama waya wa intaneti. Weka bando ya maana, hizi vitu ni nzito. Kwa hiyo Ubuntu, fungua teminali uandike:

sudo apt update
sudo apt install linux-generic-hwe-24.04

Zima, washa. Hapo kaneli ni mpya.

Bado? Andika lspci, utafute laini iko na neno Network. Kama ni Broadcom, mara nyingi draiva yake huwekwa kando. Ukiulizwa paswadi ya Secure Boot, ikumbuke, juu ukiwasha lapi skrini ya bluu itakuja: chagua Enroll MOK. Mimi nilibonyeza Continue, nikarudi mwanzo.