Simu ya Muscat yaingia kwa namba ya Bongo: hapa kuna nini?

Jumapili iliyopita nilipita Makorora kumjulia hali shangazi yangu. Hata shikamoo sijaimaliza, kanitia simu mkononi. "Hebu nitazamie, mwanangu. Kaka yako kanipigia toka Muscat, lakini namba iliyotokea ni ya hapahapa. Nikaipigia, haipokelewi. Huyu yuko Muscat kweli, au yuko Muheza ananifanya mimi mjinga?"

Nilicheka, halafu nikamwambia asimlaumu mtoto. Yeye yuko Muscat. Iliyodanganya ni njia iliyopitisha ile simu. Akataka nimweleze, nikamweleza mpaka chai ikapoa. Nikaona basi niyaandike, maana najua si yeye peke yake. Hapa Tanga nyumba isiyo na mtu Uarabuni, Mombasa au Ulaya ni ya kutafuta.

Tuanze nyuma kidogo. Wa rika langu mnakumbuka miaka ya mwanzo ya 2000. Ukitaka kumpigia mtu wa nje unakwenda kupanga foleni, unaongea dakika mbili huku jicho liko kwenye saa, mfuko umekauka. Kisha zikaja kafe za intaneti. Kuna moja pale mjini nilikuwa mteja wa kudumu. Mbele watu wanasoma barua pepe, nyuma kuna chumba kina pazia. Unanong'ona na kijana wa kaunta, unapewa hedifoni, unaongea na London kwa bei ya soda. Watu walitumia Net2Phone na Yahoo Messenger, na kuanzia 2003 ikaja Skype.

Kwa nini pazia? Kwa sababu ile biashara haikuruhusiwa. TTCL ilikuwa imepewa haki ya peke yake ya simu za mezani na njia ya simu za nje kwa upande wa Bara, haki iliyokwisha Februari 2005. Serikali ilipouza sehemu ya TTCL mwaka 2001, hiyo haki ilikuwa ni sehemu ya dili. Mwekezaji analindwa miaka michache apate kupanua mtandao. Kwa hiyo mwenye kafe aliyeuza dakika za sauti kupitia intaneti alikuwa anakula sahani ya mwenzake. Kenya nao walikuwa na hadithi kama hiyo, ukiritimba wa Telkom Kenya ukaisha 2004.

Sauti yenyewe ilikuwa ya mateso, tusidanganyane. Intaneti yetu nyingi ilipita kwenye satelaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu. Maneno yapande, yashuke, jibu nalo lipande, lishuke. Unasema "hujambo", unangoja, ukidhani hajasikia unarudia, na yeye ndiyo kwanza anajibu. Mnagongana kila sentensi. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar Julai 2009 ndipo mambo yakaanza kunyooka.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapochanganya. Simu ya intaneti YENYEWE si kosa Tanzania. Februari 2005, ukiritimba ulipokwisha, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilianzisha mfumo mpya wa leseni za aina nne: ya miundombinu, ya huduma za mtandao, ya huduma tumizi na ya maudhui. Maana yake kubwa ni kwamba leseni haiulizi tena unatumia waya, mnara au intaneti. Inauliza unauza huduma gani. Ukitaka kuuza dakika za sauti kwa umma, chukua leseni, lipa ada, fuata masharti. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikaja kukazia hapohapo. Kosa ni kuuza bila leseni.

Basi ile namba ya Bongo kwenye simu ya shangazi imetoka wapi?

Simu ya halali kutoka Muscat inapita kwa kampuni ya kule, inakwenda kwa wasafirishaji wa kimataifa, inaingia Tanzania kwenye lango la kampuni ya simu ya hapa. Pale langoni kuna malipo. Mwaka 2013, kwa kanuni zilizokuja na mtambo wa TCRA wa kuhesabu simu, bei ya chini ya kuingiza simu ya nje iliwekwa senti 25 za dola kwa dakika. Kwa dola ya wakati ule ni kama shilingi 400. Sehemu inabaki kwa kampuni ya simu, sehemu inakwenda serikalini.

Mjanja akatazama hiyo bei, akatazama na bei ya kupiga simu hapahapa nchini kwa bando la dakika, akaona pengo. Anatafuta chumba. Anaweka kisanduku chenye nafasi za laini, thelathini au zaidi, anakiunga na intaneti. Simu ya Muscat inageuzwa kuwa data, inaletwa kwa intaneti mpaka kwenye kisanduku, na kisanduku kinachukua laini moja na kumpigia shangazi kama jirani yake wa Ngamiani. Ndiyo maana namba inatokea ya hapa. Na ukiipigia haipokelewi, kwa sababu mwenye namba ni chuma.

Pigeni hesabu. Tuseme ana laini 30, kila moja inaongea saa 5 kwa siku. Hizo ni dakika 9,000. Akibakiwa na shilingi 200 tu kwa kila dakika, kalala kaamka na milioni 1.8. Kwa siku! Bangi hailipi hivyo.

Hapa nikiri yangu. Mwaka 2016 nilikuwa na chumba cha uani Chumbageni kinatafuta mpangaji. Akaja kijana mtanashati, mpole, salamu zake za adabu. Hakuuliza choo wala maji. Aliuliza umeme unakatika mara ngapi na mtandao gani unashika vizuri ukiwa ndani. Akasema hatalala pale, ataweka "mashine za ofisi" tu, na kodi angelipa mara mbili ya niliyotaja, miezi sita mbele. Mke wangu ndiye aliyesema, "Mtu hatafuti kulala, anatafuta chumba cha nini?" Mimi nilishaanza kuzigawa zile hela kichwani, nawaambieni ukweli. Tukamwambia chumba kimepata mtu.

Sijui kama yule kijana alikuwa na kisanduku. Lakini baadaye nikawa nasoma habari za kesi za namna hiyo pale mahakama ya Kisutu, watu wanasomewa mashtaka ya kuendesha mitambo bila leseni na kuisababishia hasara mamlaka. Shtaka la hasara likiingia kwenye uhujumu uchumi, dhamana inakuwa ngumu, mtu anaweza kusota rumande muda mrefu kabla kesi haijasikilizwa. Na swali la kwanza la askari akikuta mashine uani kwako ni moja tu: nyumba ya nani hii?

Na nyie vijana mnaofuatwa "weka kidole hapa, chukua elfu tano", hili linawahusu zaidi. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, mwenye kisanduku hawezi kununua laini kama karanga. Anahitaji vidole vya watu. Laini ikikamatwa kwenye kisanduku, jina linalotokea ni lako.

Wanakamatwaje? Njia moja ni kupiga simu za majaribio kutoka nje na kutazama zinatokea na namba gani. Nyingine ni kutazama tabia ya laini. Laini ya binadamu inatembea, inapokea, inabipu, inatuma ujumbe. Laini ya kisanduku inapiga tu, haipokei, na haiondoki kwenye mnara uleule mchana na usiku.

Mimi siwatetei hawa watu. Wanaiba mapato, sauti yao mbovu, na siku mtu akitumia njia hiyo kumtishia mwenzie, mpigaji hapatikani kirahisi. Lakini naomba niseme na upande wa pili. Wizi huu unalishwa na bei. TCRA hiyohiyo imeshusha gharama ya kampuni moja kupokea simu ya kampuni nyingine ndani ya nchi kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Nani atahangaika kufanya magendo ya shilingi mbili? Kazi hiyohiyo ya kuunganisha simu, ikitoka nje ikatozwa mamia ya shilingi, umemjengea mjanja soko. Sisi wa mwambao tunalijua hili kwa sukari na kwa mafuta ya kula: bei zikipishana sana kati ya ng'ambo na huku, majahazi hayalali.

Na mkumbuke, magendo makubwa zaidi siku hizi ni halali kabisa. WhatsApp ilianza kupiga simu za sauti mwaka 2015. Hiyo hailipi senti 25 ya langoni. Nchi zimefanya nini? Oman na Emirati kwa miaka mingi walizizuia simu za namna hii, ndiyo maana ndugu zetu wa kule wakawa wanahangaika na programu za kupita uchochoroni. Uganda Julai 2018 waliweka kodi ya shilingi zao 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Watu wakaikwepa, na 2021 ikafutwa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Sisi mwaka 2022 tumeweka asilimia 2 kwenye mapato ya huduma za kidijitali za kampuni za nje. Kwa maoni yangu hiyo ni busara kuliko kuziba. Mtoze mwenye kampuni, mama wa Makorora mwachie aongee na mwanawe.

Udhibiti una kazi nyingine ambayo haitajwi. WhatsApp haipigi 112. Nyumba ikivamiwa usiku unahitaji laini ya kawaida na mnara unaofanya kazi. Minara ya vijijini Mkinga na Pangani haijengwi na WhatsApp. Inajengwa na kampuni za simu, pale pasipolipa kwa kusaidiwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mapato ya dakika yakifa yote, ile minara nani ataitia mafuta? Hilo ndilo swali la kuwapa wabunge wetu badala ya kupiga kelele "zima" au "achia".

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Sasa mimi nifanyeje?" Nikamwambia mambo matatu. Namba ngeni ya hapa ikisema niko Muscat, sikiliza sauti kwanza, usitume hela mpaka umpigie kwa namba yake mwenyewe. Mwambie kaka anapigia kadi gani kule, kama ni za bei ya kutupa basi ndizo hizo. Na mjukuu wako asiuze kidole chake.

Akanijibu: "La kidole nitamwambia leoleo. Elfu tano aliipokea juzi."

Jumatatu asubuhi tulikwenda naye kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilikuwa saba. Anayotumia ni moja. Hizo sita tumezifunga. Na nyie hakikini za kwenu, halafu mje mseme hapa mmekuta ngapi.