Uliinua gari, mbona sasa usukani hautulii?

JUMAPILI moja shemeji yangu alitualika sote, watoto wakiwemo, twende Naivasha kuona viboko. Gari lake ni Land Cruiser kuukuu, lile umbo lililoanza kuuzwa mwaka wa 1990, na analipenda kuliko anavyokubali mbele ya dada yangu. Wiki hiyo alikuwa ameliinua inchi 2. Alilitia springi ndefu na matairi mapana, nalo likawa limesimama uani kama jogoo mwenye boma lake.

Hadi Rironi mambo yalikuwa shwari. Tulipoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, katika ile barabara iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, niliona mikono yake haitulii. Kushoto kidogo, kulia kidogo, mithili ya mtu akorogaye uji. Lori moja likatupita na upepo wake ukatusukuma. Gari likaelekea ukingoni, akalirudisha, likapitiliza hadi upande wa wanaopanda. Dada yangu alishika dashibodi kwa mikono miwili asiseme neno, na anayemfahamu dada yangu atajua hiyo ni hatari kubwa.

Hatukufika Naivasha. Tuligeuzia chini ya mteremko, karibu na lile kanisa dogo la Waitaliano, tukarudi polepole huku watoto wakiuliza viboko wamefanya kosa gani.

Msomaji, yamkini wewe huna gari kama hilo, lakini huenda unapanda la mjomba au la kazini. Magari yaliyoinuliwa ni mengi hapa kwetu. Kuna wanaoiga yale ya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangisha pesa za kujenga ua wa kuzunguka misitu ya Aberdare. Kuna wenye mashamba yasiyofikika wakati wa masika. Na kuna wale, tuseme ukweli, ambao hawajawahi kuvuka hata mtaro na wanataka tu kuonekana wakiwa juu.

Shemeji alianza kutafuta dawa kwa kutumia mfuko. Mtu mmoja alimwambia stiaringi boksi imekwisha, akanunua nyingine. Gari likayumba vilevile. Mwingine akamshauri aweke shoki mpya ya usukani, ile inayolala kando ya ekseli ya mbele. Mtetemo ukapungua kidogo, lakini kuyumba kukabaki. Ndipo rafiki yake akamwelekeza Kabiro, upande wa Kawangware, kwa fundi mmoja wa jua kali asiye na hata kibao cha jina.

Tulifika tukapata magari manne yamepandishwa juu ya magogo, kuku wakitembea chini yake, na makanga wakiita abiria barabarani. Fundi, mzee wa makamo, hakugusa spana. Aliuliza swali moja tu.

“Mkubwa, ukishamaliza kona, usukani unarudi wenyewe?”

“La, fundi. Lazima niurudishe kwa mkono.”

“Basi ile stiaringi boksi ulinunua bure.”

BAISKELI YA KIJANA

Kijana wake wa kazi alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani. Fundi akatuonyesha uma wa mbele ulivyoinama: juu uko nyuma, chini uko mbele. Kwa sababu ya mwinamo huo, ukichora mstari kufuata shingo ya uma hadi chini, utagonga ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Tairi basi huwa linafuata nyuma ya mstari, kama mkokoteni unavyofuata punda. Hiyo ni mojawapo ya sababu mtu huweza kuendesha baiskeli bila kushika usukani. Gurudumu dogo la toroli la supamaketi hufanya vivyo hivyo: ukilisukuma tu, linageuka na kufuata.

Gari nalo lina mwinamo huo katika magurudumu ya mbele. Mafundi huuita kasta. Ukiwapo wa kutosha, usukani hujirudisha katikati baada ya kona na gari hushika njia yake. Ukipungua, gari huwa kama mlevi asiyejua nyumba yake. Kila shimo na kila upepo vinalipeleka vinakotaka.

Sasa, kuinua gari kunaingiaje hapo? Katika Land Cruiser ya aina ile, ekseli ya mbele ni nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu, na imeshikwa na mikono miwili ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi upande wa nyuma. Ukiinua chesisi, ile mikono inainamia mbele, nayo ekseli inazunguka pamoja nayo. Kilichokuwa kimeegemea nyuma kinasimama wima.

Wanafunzi, chukueni kikokotoo. Tuseme mkono una urefu wa mita 1 na gari limeinuliwa sentimita 5, yaani karibu inchi 2. Gawanya 5 kwa 100, kisha tafuta pembe ambayo tanjiti yake ni 0.05. Utapata karibu digrii 3. Kiwandani gari hilo hutoka na kasta ya takriban digrii 3. Hesabu iliyobaki hata mtoto wa chekechea ataifanya.

KABLA YA KUTOA PESA

Hata hivyo, mzee yule hakukimbilia kasta moja kwa moja. Gari kuukuu laweza kuwa na magonjwa matatu kwa pamoja, na matairi makubwa hufichua ulegevu ambao yale madogo yalikuwa yakiusitiri.

Alianza na upepo wa matairi, kwani tairi laini au lisilolingana na mwenzake hutosha kulifanya gari litangetange. Kisha injini ikawashwa, magurudumu yakiwa chini. Kijana akawa anatikisa usukani kidogo kidogo huku mzee amelala chini akitazama kila kiungo: boljointi, shina la stiaringi boksi, na bushi za ile fito ndefu izuiayo ekseli isiende kando. Kiungo kinachocheza huonekana kwa macho. Upande mmoja unasogea, wa pili umelala. Jambo hili familia yoyote inaweza kulifanya nyumbani, mradi gia iko huru, breki ya mkono imevutwa na vipande vya mbao vimezuia magurudumu ya nyuma.

Halafu gari likapandishwa, likakalishwa juu ya vigingi vya chuma. Usikubali kamwe mtu aingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Mzee akashika gurudumu juu na chini akalisukasuka, kupima beringi na kingpini. Akashika kushoto na kulia, kupima viungo vya usukani. Boljointi moja ikapatikana imelegea, ikabadilishwa. Mara nyingi gari huponea hapo hapo. Letu halikupona.

Tukatumwa penye mashine ya alaimenti. Mzee alisisitiza tuombe karatasi yenye namba, tusikubali kuambiwa tu kuwa “iko sawa”. Karatasi ilionyesha kasta chini ya digrii 1 pande zote mbili.

DAWA YENYEWE

Dawa ni kuirudisha ekseli ilivyokuwa imeegemea. Kwa gari lililoinuliwa inchi 2 au karibu hapo, njia ya kawaida ni bushi maalum ambazo tundu lake haliko katikati. Hutiwa kwenye ile mikono na kuizungusha ekseli digrii chache kurudi nyuma. Ni lazima zitiwe kwa presi na zielekezwe vizuri, kwa maana zikipinduliwa zinaongeza ugonjwa. Gari lililoinuliwa zaidi huhitaji mabamba au mabano ya kuishusha mikono yenyewe. Yale yenye springi za mapao huwekewa kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Na yale ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, kama Prado nyingi, hurekebishwa kwa bolti za mkono wa chini. Nafasi ikiisha, mkono wa juu hubadilishwa.

Niliuliza kwa nini wasikate tu mikono na kuichomelea upya, maana welda alikuwa mita 10 kutoka tuliposimama. Mzee alinitazama kwa huruma. Chuma hicho hubeba nguvu yote ya breki, na akasema yeye hana haja ya kusomewa jina lake kortini.

Kuna bei nyingine isiyo ya pesa. Ukiirudisha ekseli nyuma, pua ya difu huinama, na propela ya mbele hupata pembe kali zaidi. Ikizidi, gari huanza kutetema kwenye mwendo. Ndiyo sababu mzee hakutafuta kasta kubwa kupindukia. Vilevile kuinua huivuta ekseli kando kidogo, na fito yake hupoteza ulinganifu na chuma cha usukani. Basi gari likiruka tuta, usukani nao huruka. Letu lilihitaji fito inayorekebishika, na baada ya yote tukarudi kwenye alaimenti mara ya pili.

Bushi zilimgharimu shemeji kidogo sana ukilinganisha na stiaringi boksi. Hilo halitajwi nyumbani kwao.

Mwezi uliofuata tulipita mteremko ule ule. Katika kona ya kwanza aliulegeza usukani kidogo, nao ukarudi katikati polepole. Dada akamwambia ashike kwa mikono miwili. Viboko walikuwapo. Stiaringi boksi ya kale ingali uani kwao, imewekwa mlangoni pa jikoni ili upepo usiupigize.