Simu yaweza kuchora vichochoro visivyo ramanini

VICHOCHORO vingi vya Likoni, Kisauni na Changamwe vilizaliwa na nyayo za wakazi, wala si mpango wa mji. Ambulensi inapoitwa usiku, dereva asiye mwenyeji hulazimika kuulizia njia huku mgonjwa akisubiri.

Simu yenye GPS yaweza kupunguza adha hiyo. Programu ya kurekodi njia hunakili mahali alipo mtembeaji kila baada ya sekunde chache, kisha huunganisha alama hizo kuwa mstari.

Ili kujua ilipo, simu hupima muda ambao mawimbi ya redio huchukua kuifikia kutoka kwa setilaiti zisizopungua nne. Kazi hiyo haihitaji intaneti. Mahali peupe kosa huwa la mita chache tu, lakini penye nyumba zilizobanana mawimbi hugonga kuta na kuchelewa, nao mstari hupinda. Kwa hivyo ni vyema kupita njia moja zaidi ya mara moja.

Mfano upo jijini Nairobi. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS, wakaviingiza vichochoro vyake katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote aweza kuirekebisha.

Hata hivyo, mstari unaoanzia mlangoni hufichua nyumba ya mtu. Mwaka 2018, ramani ya mazoezi ya Strava ilianika kambi za kijeshi katika nchi kadhaa. Heri kuanza kurekodi njia panda, na kuzima kabla ya kufika nyumbani.