Kwaya ya Kigango Ichague Programu Gani ya Kurekodi?



Kila ninapokwenda likizo Buhigwe, walimu wa kwaya wa vigango vya huko milimani hunipokea na ombi moja: "Frateri, tuwekee ile programu ya kurekodi." Nikiuliza ipi, najibiwa, "Ile wanayotumia studio za mjini." Shida inaanzia hapo, maana studio ya mjini ilichagua programu kwa kazi yake na kwa kompyuta yake.

Kwa asiyezifahamu, hizi ni programu ambazo mafundi huziita DAW. Zinapokea sauti kutoka kwenye maikrofoni, zinaiweka kila moja kwenye mstari wake uitwao traki, halafu unakata, unasawazisha na kuchanganya mpaka upate wimbo mmoja. Kazi hiyo zote zinaifanya. Zinatofautiana katika kile ambacho kila moja inakifanya kwa wepesi.

FL Studio ya kampuni ya Image-Line, Ubelgiji, ilianza mwaka 1997 kama programu ya kupanga midundo, na mpaka leo nguvu yake kubwa iko hapo. Kijana anayetengeneza biti ataipenda. Ukiijaribu bila kuinunua, kumbuka jambo moja: inakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukishaifunga hutaweza kuifungua tena mpaka ulipie. Cubase ya Steinberg, Ujerumani, inarekodi waimbaji vizuri sana, ila toleo lake kamili ni ghali na linataka kompyuta yenye nguvu. GarageBand na Logic Pro ni za vifaa vya Apple tu, tuziache. BandLab unaipata bure kwenye simu na inafaa kunasa wazo la wimbo lisipotee, lakini inategemea sana intaneti, na bando la mwalimu wa kwaya lina kazi nyingine.

Kwa hali yetu naziona mbili.

Audacity ni bure kabisa, na mtu anaweza kuijua kwa jioni moja. Kama mnaimba wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni mbili, kisha mnakata mwanzo na mwisho na kupandisha sauti kidogo, inatosha. Ambacho haifanyi ni kurekodi kinanda kwa njia ya MIDI, yaani kunasa nota alizobonyeza mpiga kinanda ili iliyokosewa irekebishwe bila kupiga wimbo upya.

Reaper inaweza hilo, na inaweza pia kurekodi soprano, alto, teno na besi kila mmoja kwenye traki yake kwa wakati mmoja, mradi muwe na kifaa cha nje chenye matundu ya kutosha ya maikrofoni. Faili lake ni dogo, na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inaibeba bila kulalamika. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili. Baada ya hapo leseni ni dola 60 kwa mtu wa kipato cha kawaida au taasisi isiyo ya faida. Siku 60 zikiisha inaendelea kufunguka, ikikukumbusha tu kulipa. Hapo mlinzi ni dhamiri yako. Dola 60 si kidogo kwa mtu mmoja, lakini kwaya ya watu thelathini ni dola mbili mbili.

Najua wengi watasema programu ghali zinapatikana bure kwenye fleshi za marafiki, zimeshakrakiwa. Nami nilifanya hivyo kabla ya kuingia seminari. Tulirekodi nyimbo sita kwa siku mbili. Wiki iliyofuata laptopu ilijaa virusi, mafaili hayakufunguka tena, na hatukuwa na nakala nyingine. Tulipanga kurudia baada ya mavuno. Mzee aliyekuwa nguzo ya besi alifariki kabla ya siku hiyo, na sauti yake hatunayo popote.

Kwa hiyo, programu yoyote mtakayochagua, wekeni nakala mbili mahali pawili siku ileile. Hesabu ya nafasi ni rahisi: traki moja ya WAV yenye biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde hula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye traki nane ni kama MB 345. Na kwa kuwa umeme unakatika bila taarifa, ingieni kwenye mipangilio ya Reaper muiagize ihifadhi kazi yenyewe kila dakika chache, hata wakati wa kurekodi.

Kuna ombi jingine ambalo huwa nalikataa: kutengenezewa muziki wa kinanda kwenye fleshi ili kwaya iimbe juu yake wakati wa Misa. Maagizo ya Roma ya Septemba 3, 1958 kuhusu muziki mtakatifu yalikataza mashine za kupiga muziki uliorekodiwa katika liturujia, lakini yaliruhusu zitumike kuwafundisha watu nyimbo. Kwa kufundishia, wala huhitaji DAW. MuseScore ni bure: andika humo nota ulizozipata Swahili Music Notes, nyamazisha sauti nyingine, na alto wasikilize mstari wao peke yao mpaka waushike.

Mwisho, rekodini kiangazi, kati ya Juni na Agosti, asubuhi mapema kabla pikipiki hazijaanza kupita. Mvua ikishaanza kupiga mabati ya kanisa, hakuna programu kati ya hizi itakayoitoa kwenye wimbo bila kuondoka na sauti za waimbaji.